Mzee wa Josho na Ng'ombe wa Kumi na Moja

Siku ile tulikuwepo hawa. Hakimu wa mahakama ya mwanzo, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Washauri wake wawili, wazee waliokaa kulia na kushoto kwake kwenye benchi. Karani na kalamu yake. Baba mdogo, ndugu wa tumbo moja wa marehemu baba yetu, aliyevaa koti zito licha ya joto lote lile. Mjomba, kaka wa marehemu mama yetu, aliyekaa karibu na baba mdogo kuliko alivyokaa karibu nasi. Mdogo wangu Holo, miaka kumi na moja. Mdogo wetu wa mwisho, Masanja, miaka sita, amelala mapajani mwa Holo bila kujua kwamba yote yanayosemwa yanamhusu yeye. Mimi, Kabula, miaka kumi na sita, niliyeishia darasa la nne. Watu wa kijiji, wengine wamesimama juani. Ng'ombe mmoja mzee wa kijivu, aliyetokea baadaye. Na yeye, Mzee wa Josho, aliyefika wa mwisho akaketi chini ingawa benchi lilikuwa na nafasi.

Nimewataja wote kwa sababu wengi wamekwisha kufa, na waliobaki kila mmoja ana habari yake ya siku hiyo. Hii ni yangu. Lakini siwezi kuieleza kabla sijaeleza yule mzee alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo haieleweki alitufanyia nini.

Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe hakutaja majina ya watu. Sote tulimwita Mzee wa Josho, hata hapo zamani ambapo alikuwa bado na nywele nyeusi. Josho letu lilikuwa mfereji wa saruji uliojazwa maji na dawa ya kuua kupe. Ng'ombe waliingia upande mmoja kwa kuruka, wakaogelea hatua chache, wakapanda upande wa pili wakitiririka maji. Kila Alhamisi ng'ombe wa vijiji vitatu walipita hapo, na yeye alisimama kwenye ukingo na fimbo ndefu yenye kipande cha chuma kichwani, akiwazamisha vichwa wale waliokataa kulowa. Nguo zake zilinuka dawa. Mikono yake ilinuka dawa. Mama alikuwa akisema kwamba mzee yule akipita, hata nzi wanamwamkia.

Sisi watoto tulimwogopa. Hakuwa mpole. Ukisimama mahali pabaya alikuchapa na fimbo ile ile ya ng'ombe, na ukilia alikuambia, "Ndama hulia, lakini husogea." Hakuwa na mke wala mtoto. Ugoro wake hakumpa mtu. Na jambo lililotuchekesha kuliko yote, hakunywa maziwa. Yalimchafua tumbo. Mtu aliyeshinda na ng'ombe maisha yake yote alikunywa chai ya rangi, tena bila sukari.

Ng'ombe wenyewe hakuwa nao. Kwetu mtu mzima asiye na ng'ombe hata mmoja ni mtu wa kuonewa huruma au wa kuchekwa, na yeye alichekwa. Matajiri waliokuja na makundi yao walimtania waziwazi.

"Mzee wa Josho, wako wako wapi leo?"

"Wamekwisha kupita," alijibu. "Wako walisimama nyuma yao, wakawa wanajifunza adabu."

Foleni yake haikujua tajiri. Nilimwona akimsimamisha mwenye kundi kubwa kuliko yote pale kwetu, ng'ombe ambao vumbi lao lilionekana kabla yao, ili apite kwanza mjane aliyemvuta ng'ombe mmoja kwa kamba. Tajiri alifoka. Mzee wa Josho akamwambia, "Wa huyu mama anajulikana kwa sura. Wa kwako hata wewe huwajui. Nani ana haraka?"

Na hilo lilikuwa kweli, kwamba wenye ng'ombe hawakuwajua kama alivyowajua yeye. Sijui nilielezeje. Mimi sikusoma, lakini nimekutana na watu waliosoma, na sijaona kichwa kama kile. Alijua kila ng'ombe aliyepita josho lile tangu lilipojengwa, mama yake, na mama wa mama yake. Alimtazama ndama mara moja, akasema, "Huyu ni mjukuu wa yule mweupe aliyevunjika mguu mtoni." Mwenye ndama alikwenda nyumbani kumuuliza baba yake, na baba akasema ndivyo. Watu je? Watu hakuwashika. Aliwaita kwa ng'ombe wao. Baba yetu yeye alimwita "mwenye madoa", na baba alipokufa, mimi nikawa "mwenye madoa mdogo". Sijapata kumsikia akisema Kabula. Nasema hivyo kwa sasa.

Jambo la pili lililojulikana juu yake ni kwamba hakuapa. Kwetu watu huapa kama wanavyopumua. Muuza chumvi anaapa, mnunuzi anaapa, mtoto aliyekula sukari anaapa kwa kaburi la bibi yake ambaye yuko hai jikoni. Mzee wa Josho aliposikia "haki ya Mungu", aligeuka akaondoka, hata kama yeye ndiye aliyekuwa akiuziwa. Katekista alimwomba miaka mingi abatizwe. Akasema angebatizwa kama kungekuwa hakuna kuahidi.

Si kila mtu aliliona hilo kuwa jambo jema. Aliibiwa jirani yetu mmoja maksai, mnyama wake pekee wa kulimia. Siku chache baadaye wakamkuta Isaka, stesheni, katika kundi la ng'ombe waliokuwa wanangoja kupakiwa kwenye mabehewa. Wakamchukua Mzee wa Josho kwa lori la pamba aende akamtambue. Akashuka, akatembea kati ya ng'ombe wengi wa watu asiowajua, akaweka mkono mgongoni mwa mmoja. "Huyu." Polisi wakasema vizuri mzee, sasa uje utoe maelezo kwa kiapo. Akasema, "Nimesema. Ng'ombe ndiye huyu. Kiapo cha nini?" Wakambembeleza mpaka jua likageuka. Hakukubali. Ng'ombe akapakiwa, gari moshi likaondoka, na jirani yetu mwaka ule alilima kwa jembe la mkono. Mke wa jirani yule hakumsalimia Mzee wa Josho mpaka mzee alipokufa. Mimi mwenyewe nilimwona mzee kuwa mkaidi na mwenye roho ngumu. Ukweli ulikuwa mdomoni mwake, na aliuacha uondoke na behewa.

Sasa nieleze yetu.

Mama alitangulia kufa, alipomzaa Masanja. Baba alitulea mwaka baada ya mwaka, akilima pamba, na mvua zilipokataa alikwenda upande wa Geita kuchimba dhahabu na wenzake. Shimo likawafukia watu wawili, mmoja wao baba. Walituletea sururu yake na blanketi. Msiba haujaanuliwa bado, baba mdogo akawa anahesabu ng'ombe wa baba zizini kwa kidole.

Kwa mila yetu, mtoto ni wa baba yake kwa sababu ya ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya mama yake. Mahari ikitimia, watoto ni wa kwao baba, na mtoto wa kiume hurithi. Isipotimia, watoto ni wa kwao mama, na mali ya marehemu huenda kwa ndugu zake. Baba mdogo akatangaza kwamba mahari ya mama haikutimia. Walikubaliana kumi na moja, akasema, na kaka yake alitoa kumi.

Nilimkimbilia mjomba, nikijua yeye ndiye aliyeipokea mahari. Mjomba akatazama pembeni. "Mwanangu," akasema, "mimi nakumbuka kumi." Ndipo nikaelewa wamekwisha kukaa pamoja. Baba mdogo angechukua ng'ombe, nyumba na mashamba. Mjomba angetuchukua sisi wasichana wawili, na siku tukiolewa, mahari zetu zingeingia zizini kwake. Masanja hakuna aliyemtaja. Niliuliza, "Na Masanja?" Mjomba akasema, "Atakaa popote. Ni mdomo mmoja tu."

Mama alipokuwa anakufa aliniambia nisiwaache hawa wawili watengane. Sikumwahidi kwa maneno mengi. Nilisema ndiyo. Basi nikaenda mahakamani nikafungua shauri, mimi, na kanga ya mama mabegani, na karani akaniuliza nani mkubwa wangu. Nikamwambia ni mimi.

Mshenga wa baba alikuwa amekufa. Wazee waliokula pilau ya harusi ile wengine wamekufa, wengine walihamishwa kwenda vijiji vingine. Nikabaki na mtu mmoja anayekumbuka ng'ombe.

Mara ya kwanza nilipokwenda kwake alikuwa anakoroga dawa. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba, mwenye madoa mdogo." Nikamweleza. Akasema, "Sitakuja." Mara ya pili alisema hivyo hivyo, akaongeza, "Na usinililie hapa, maji ya chumvi yanaharibu dawa." Mara ya tatu nilikwenda na Holo na Masanja. Niliwasimamisha tu. Aliwatazama muda mrefu, kisha akaniambia mimi, "Nikienda nitaapishwa. Nikiapishwa nitaulizwa. Nikiulizwa, baba yako ataaibika naye amelala." Sikuelewa. Nilirudi nyumbani nikijua hatakuja.

Shauri lilisikilizwa kwenye baraza la ofisi ya kata. Baba mdogo alisema yake, mjomba akasema yake, wote wameshika Biblia. Mimi nikasimama nikasema baba alikuwa akituambia mama ni mkewe wa halali. Baba mdogo akacheka. "Mtoto anamthibitisha baba yake! Nani alikuwa hajazaliwa, wewe au mimi?" Watu wakacheka naye. Hakimu akaniuliza kama nina shahidi mwingine. Nikawa nafungua mdomo kusema sina, nikaona watu wa nyuma wanasogea.

Alikuja na nguo zake za kazi. Harufu ya dawa ikafika kabla yake.

Karani akamuuliza, "Dini yako, mzee?"

"Sina."

"Basi utathibitisha."

"Nithibitishe nini? Sijasema bado."

Watu wakaangua kicheko, hata mshauri mmoja. Hakimu hakucheka. Akamweleza taratibu kwamba asipoapa au kuthibitisha, maneno yake hayataandikwa, na yasipoandikwa ni kama hakuja. Mzee wa Josho akatutazama. Masanja alikuwa amelala, mdomo wazi, nzi ametua shavuni. Mzee akavua kofia yake ya ukindu, akaiweka chini, akarudia maneno ya karani moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Waliosimama juani wakasogea karibu. Kila mtu alijua anaona jambo lisilowahi kuonekana.

"Ulikuwepo mahari ilipotolewa?" hakimu akauliza.

"Sikuwepo. Mimi ni mtu wa josho."

"Sasa unajua nini?"

"Najua Alhamisi moja walipita na baba wa hawa watoto. Alhamisi ya pili walipita na huyu." Akamnyooshea mjomba fimbo. "Kumi na moja."

Akaanza kuwataja. Mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, aliyekuwa na mimba. Mwekundu asiye na pembe. Pacha wawili wa madoa, mmoja mkia mfupi. Alitaja rangi, pembe, mama zao, nani alikufa kwa ugonjwa, nani alizaa nani na huyo aliyezaliwa yuko wapi leo. Kalamu ya karani ikashindwa. "Mzee, polepole."

"Wao hawakupita polepole," akasema.

Nilikuwa namtazama hakimu. Alikuwa ameacha kuandika, ameshika miwani mkononi, kama mtu aliye kanisani.

"Wa kumi na moja," Mzee wa Josho akamaliza, "ni wa kijivu, pembe ya kushoto imepinda chini. Masikio mazima."

Mjomba akaruka. "Huyo nilimnunua mnadani!"

"Kumbe yupo?" hakimu akauliza.

Mjomba akarudi kuketi. Mzee wa Josho akaokota kofia yake. "Leo ni Alhamisi," akasema. "Wanakuja kuoga."

Ndivyo mahakama ilivyotembea kwenda josho. Hakimu mbele, washauri nyuma yake, karani amebeba kitabu kichwani kujikinga jua. Mchungaji wa mjomba, asiyejua lolote, alikuwa amefika na kundi. Wakapita mmoja mmoja, na Mzee wa Josho akawaita kabla hawajatoka majini: huyu ni binti wa yule mwekundu, huyu mjukuu wa pacha. Kisha akatoka majini ng'ombe mzee wa kijivu, pembe ya kushoto imepinda chini, maji yanamtiririka. Masikio yake yalikuwa mazima.

Lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Kila ukoo una mkato wake wa sikio. Wa ukoo wa baba yangu ni mkato mmoja kwenye ncha ya sikio la kushoto. Wa mjomba ni tundu sikio la kulia. Ndama hukatwa akiwa mdogo. Ng'ombe mkubwa anayeingia zizini kwa mahari au kwa kununuliwa hakatwi tena, hubaki na alama ya alikotoka. Ng'ombe asiye na mkato wowote hakuna. Hakimu akauliza watu wote pale, "Nani kati yenu hakati masikio?" Hakuna mkono ulioinuka. Akamgeukia mjomba. "Ulimnunua kwa nani?" Mjomba akatazama maji.

"Mzee," hakimu akasema, "umeapa. Ng'ombe huyu alikuwa wa nani kabla ya kuwa wa mahari?"

Nikaona mkono wake unakaza fimbo. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakiogopa.

"Wangu," akasema. "Nilikuwa na huyo mmoja. Sikuwa na zizi, sikuona sababu ya kumkata."

Baba mdogo alicheka mpaka akashika magoti. "Wako! Wewe ambaye hata kuku huna!" Kisha kicheko kikamkatika, macho yakamng'aa. "Mheshimiwa, umesikia? Kaka yangu alitoa kumi. Wa kumi na moja ni wa huyu bwana. Basi watoto ni wake! Wachukue, Mzee wa Josho! Watumbukize humo, watoke bila kupe!"

Watu walicheka, lakini washauri hawakucheka. Mmoja akamnong'oneza hakimu, kisha akasema kwa sauti, kwa haki, kwamba ni kweli: mtu baki akitoa ng'ombe katika mahari ya mwenzake, ana sehemu kwa watoto, na mahari haihesabiki kuwa imetimizwa na mume. Lakini mume akimkopa ng'ombe, ng'ombe ni wake. Aliyekopesha anamdai ng'ombe tu, hana lingine.

Hakimu akavaa miwani. "Mzee. Ulimpa, au ulimkopesha?"

Ng'ombe walikuwa wanajipangusa maji kwenye nyasi. Mzee wa Josho akamtazama Masanja, aliyekuwa bado amelala begani kwa Holo.

"Nilimkopesha," akasema.

"Alikulipa?"

"Hajanilipa. Alikuwa ataniletea. Akaenda Geita."

"Bado unamdai?"

"Namdai."

Hakimu akaamua palepale, karani akaandika akiwa ameegemea ukuta wa josho. Mahari ilitimia. Watoto ni wa baba yao. Masanja ni mrithi, na mimi nitasimamia mpaka akue. Tumerithi ng'ombe wa baba, na tumerithi deni lake la ng'ombe mmoja. Baba mdogo akavua koti lake hatimaye. Mjomba akaondoka bila kungoja kundi lake.

Nilimwendea Mzee wa Josho nikapiga magoti. "Wabeja, asante sana, babu. Nitakulipa."

"Sogea," akasema. "Umesimama njiani mwa ng'ombe."

Tangu siku ile watu hawakumtania tena. Mtu aliyekuwa hana ng'ombe, sasa ilijulikana wake alimpeleka wapi. Wengine walianza kumwamkia kwa kuinama, na yeye alichukia hilo kuliko utani. Mke wa yule jirani wa maksai alisema mbele ya watu kwamba kwa ng'ombe wa yatima aliweza kuapa, kwa wa kwake hakuweza. Mzee alimsikia. Akaendelea na kazi yake. Nadhani aliona mama yule ana haki.

Nilijaribu kumlipa mara nyingi. Kila mara palikuwa na sababu. Huyu ana jicho baya. Huyu atakufa kiangazi. Ngoja Holo aolewe. Ngoja Masanja amalize shule. Holo akaolewa Kharumwa, mahari yake ikaja zizini kwetu, kumi na mbili, wote masikio yamekatwa. Masanja akawa mtu mzima. Dawa ya josho ikaacha kuletwa, mfereji ukakauka, mbuzi wakawa wanalala ndani. Mzee macho yakamwisha. Nilimpeleka mwenyewe hospitali ya misheni Kolandoto, wakasema tungekuja zamani. Alirudi kwenye kibanda chake kando ya josho, nami nikawa nampelekea unga na majani ya chai.

Ndipo nikapata fikra niliyodhani ni njema kuliko zote. Niliuza pamba, nikaenda kwa wana wa mjomba, mjomba mwenyewe akiwa amekwisha kufa, nikanunua mtamba wa kijivu, jike ambaye hajazaa bado. Mjukuu wa mjukuu wa ng'ombe wake. Pembe ya kushoto ilikuwa inaanza kupinda. Nikamswaga asubuhi nzima mpaka kwa mzee.

"Mwangaluka, babu. Nimekuletea deni lako."

Alitoka akipapasa ukuta. Akaweka mkono mgongoni mwa mtamba, akaupeleka shingoni, akashika shina la pembe, kisha sikio la kulia. Kidole chake kikaingia kwenye tundu la mjomba. Uso wake ukafurahi, nikaona, kwa kitambo kidogo kama mtu aliyesikia sauti ya mwanawe. Kisha ukabadilika.

"Mrudishe," akasema.

"Ni wa uzao wa wako. Nilidhani..."

"Najua ni wa nani. Ng'ombe wa mahari anarudi lini?"

Nikaishusha fimbo. Kila mtu kwetu anajua. Ng'ombe wa mahari hurudi siku ndoa inapovunjika.

"Nimemnunua, babu. Kwa pamba yangu."

"Watu watamwona anatoka kule anakuja huku. Nani atawaambia habari za pamba? Unataka mama yako aachike akiwa kaburini? Mrudishe leo, jua likiwa juu, wakuone."

Nilikuwa mama mwenye watoto wanne, msimamizi wa mirathi, na nilikuwa nimeswaga mbele yangu, kwa fimbo yangu mwenyewe, kitu ambacho baba mdogo alikosa mahakamani.

"Basi nitaleta mwingine," nikasema. "Wa mbali, Ushirombo huko, asiyehusika."

"Usilete."

"Deni ulilitaja mwenyewe mbele ya hakimu."

Alikaa kwenye kigogo chake. Akatoa ugoro, akaurudisha bila kunusa.

"Kabula," akasema.

Nilitazama nyuma kuona nani mwingine amekuja.

"Deni hilo halipo. Nilimpa. Baba yako alinibebea maji ya josho kiangazi kizima, sikumwomba. Alipotaka kuoa akapungukiwa, nikampa. Tulikubaliana tusiseme."

"Lakini uliapa."

"Niliapa."

"Hakimu alikuuliza..."

"Mtoto alikuwa amelala," akasema. "Nikaona asiamshwe."

Nilimfikiria maksai wa jirani yetu, amepakiwa, gari moshi linaondoka, na mtu huyu amesimama stesheni na ukweli wake mtupu, amekataa kuuapia. Kisha mwaka mwingine akaapa.

"Na kile kiapo, babu?"

"Kile ni changu. Dawa inaua kupe tu, kiapo haikioshi." Akanipa mkono nimwinue. "Nenda, jua halikungoji. Na usimpige huyo, hakukosa."

Nikamgeuza mtamba. Nilipofika kwenye mfereji mkavu nikatazama nyuma. Alikuwa bado amesimama, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza kwato.

Nilimfikisha kwa wana wa mjomba jua likiwa bado juu, na watu walituona. Ng'ombe ningeweza kulipa. Hilo lingine sijui hulipwa kwa nini, wala hulipwa kwa nani, maana mzee alikufa bila kuacha mtu. Zizini kwangu ninaye mmoja kutoka Ushirombo, amekwisha kuzaa mara mbili, yeye na ndama wake wote masikio mazima. Wageni huniuliza ni wa nani hawa. Nawaambia wana mwenyewe. Wakisema niape, naondoka.